Lenzi ya Kupanda Nayo Gombe

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu hapa Kigoma, na wakati wa likizo hupenda kupanda milima na kupiga picha za wanyama na ndege. Kamera yangu ni ya sensa ndogo (sensa ni kile kipande cha ndani kinachonasa picha), na lenzi yake ni ile iliyokuja nayo dukani, ya milimita 18 hadi 55. Tunajiandaa kwenda Gombe kuwaona sokwe. Akiba yangu inatosha lenzi moja iliyokwisha kutumika, nami nimepata mbili ambazo bei zake zinakaribiana: moja ni ya milimita 150 hadi 600, yenye f/5 hadi f/6.3 (namba ya f ikiwa ndogo, lenzi hupitisha mwanga mwingi zaidi), na nyingine ni ya milimita 70 hadi 200, yenye f/2.8 mwanzo hadi mwisho. Wenzangu wote wananisihi ninunue ile ndefu. Ninyi mnasemaje? – Msomaji wa Mwanga, Kigoma.

JIBU: Ndugu Msomaji, kwa safari ya Gombe tunakushauri uchukue ya milimita 70 hadi 200, wala usisite. Wenzako wanawaza umbali, ilhali Gombe kinachopungua ni mwanga. Sheria ya hifadhi inamtaka mgeni akae umbali usiopungua mita 10 kutoka kwa sokwe, kwa kuwa maradhi yetu huwaambukiza kwa urahisi, na sokwe wa pale wamezoea watu tangu utafiti wa Jane Goodall ulipoanza mwaka 1960, hivyo mara nyingi utawakuta karibu na mpaka huo huo. Katika mita 10, milimita 200 kwenye kamera yako huchukua eneo lenye upana wa takriban mita 1.2 na kimo cha sentimita 80, yaani sokwe aliyeketi anaingia kuanzia kichwani hadi kiunoni, pamoja na mtoto aliyempakata. Ukivuta hadi milimita 600, utabaki na uso peke yake, na akigeuza shingo kidogo tu ametoka kwenye fremu.

Sasa tazama hesabu ya mwanga, ambayo ndiyo inayoamua jambo hili. Chini ya miti ya mabondeni, hata adhuhuri, kuna kiza cha kutosha kuisumbua kamera yoyote, na flashi hairuhusiwi. Tuseme umepandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 6400 na, kwa f/6.3, kamera inakupa kasi ya 1/60 ya sekunde, yaani muda ambao mwanga unaingia. Mahali hapo hapo, kwa ISO ile ile, f/2.8 itakupa karibu 1/300. Sokwe anayemchambua mwenzake manyoya hachezeshi mwili, lakini vidole vyake havitulii, na kwa 1/60 vidole hivyo vitatoka ukungu mtupu. Kifaa cha kutuliza mtetemo kilichomo ndani ya lenzi hakitakuokoa hapo, maana kinatuliza mkono wako wewe, si mkono wa sokwe.

Uzito nao uufikirie kwa miguu yako. Gombe hufikiwa kwa boti, na ukishashuka ufukweni njia inapanda moja kwa moja kwenye miteremko mikali. Lenzi nyingi za 70 hadi 200 za f/2.8 zina uzito wa karibu kilo moja na nusu, ilhali za 150 hadi 600 huanzia kama kilo mbili na kwenda juu, na stendi ya miguu mitatu haina nafasi kwenye vichaka vile.

Kwa upande wa ndege, ni kweli utapungukiwa. Furukombe aliyetua mbali ufukweni atakuwa mdogo kwenye picha ya milimita 200. Baadaye, akiba ikiruhusu, tafuta kiongezi cha mara 1.4, yaani kipande kinachofungwa kati ya kamera na lenzi ili kuvuta zaidi, kinachokubaliana na lenzi hiyo. Utafika milimita 280 kwa f/4, ambayo bado ni nzuri. Kama ungekuwa unakwenda Katavi, kwenye mbuga zilizo wazi na jua tele, tungekuambia uchukue ile ndefu.

Kabla ya kulipa, ifunge lenzi kwenye kamera yako mwenyewe, kwani kamera nyingine ndogo hazina mota ya kuzungusha lenzi za zamani, na hapo itakubidi utafute fokasi, yaani ukali wa picha, kwa mkono. Bandika ukurasa wa gazeti ukutani kivulini, piga kwa milimita 200 na f/2.8, kisha ukuze picha uone kama herufi za katikati zinasomeka vizuri. Mwisho, mulika tochi upande mmoja wa lenzi huku ukichungulia upande wa pili. Vumbi kidogo halina neno. Ukiona nyuzi nyembamba zilizotambaa kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, ambayo hupenda unyevunyevu na huila rangi ya kinga iliyopakwa kwenye kioo. Mrudishie mwenyewe lenzi yake, hata akikupunguzia bei.