Nunua fanicha ya Keko, lakini mkague fundi

Wageni wakija kwangu huuliza kitanda na kabati nimevitoa duka gani. Nikisema Keko, kwa mafundi seremala wa Dar, wengine hudhani nawaficha. Vyote ni vya pale pale Temeke, kuanzia kuranda mpaka vanishi.

Ushauri wangu kwa anayetaka kununua cha nyumbani, yaani kilichotengenezwa hapa nchini: usinunue kwa huruma. Fundi akishajua umekuja "kuunga mkono", kona haitanyooka na droo itagoma. Mteja msumbufu anayelipa vizuri ndiye aliyewafanya wengine pale wawe wazuri kweli.

Nenda kuona kazi kabla haijapigwa vanishi. Hapo ndipo mambo yote yapo wazi. Mninga una kiini cha kahawia yenye wekundu, na pembeni una sehemu nyeupe ambayo wadudu huipenda sana. Ndiyo ule unga unaoukuta chini ya kitanda asubuhi. Mwambie fundi weupe huo autoe. Paini nayo ikipakwa rangi nyekundu inageuka "mninga" mbele ya macho yako, kwa hiyo vuta droo utazame ndani na nyuma, ambako rangi haifiki. Inua kiti kwa mkono mmoja. Paini ni nyepesi, utajua tu. (Paini si mbaya. Ya Sao Hill, Mufindi, inatengeneza rafu safi kabisa, ila ilipiwe bei ya paini.)

Uliza pia kama mbao zimekauka. Mbao mbichi itapinda ikiwa sebuleni kwako, wala si kwa fundi. Na kwa sisi wa Dar kuna jambo la masika: droo inayoteleza vizuri Januari inaweza kukwama Aprili, kwa sababu mbao hunyonya unyevu na kuvimba. Fundi mzoefu huacha nafasi ndogo pembeni bila kuambiwa. Asiyeacha, mwambie.

Malipo nayo yana utaratibu wake. Toa hela ya mbao kwanza, nyingine ukishaona fremu imesimama, na iliyobaki kitu kikifika mlangoni. Ukimaliza kulipa mapema, utaimbiwa "njoo kesho" mpaka uchoke.

Sasa hiyo hela inakwenda wapi? Kwa mpasua mbao, mwenye mashine ya kuranda, kijana wa msasa, mshona makochi, dereva wa kirikuu, na mama ntilie anayewalisha wote hao mchana. Ni kweli bawaba, gundi na vanishi mara nyingi vimetoka nje, na hilo halinisumbui. Kazi kubwa imefanyika hapa, na ujuzi umebaki hapa. Kabati la kuagiza lililotengenezwa kwa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi linapendeza dukani, sikatai. Lakini maji ya kudeki yakiligusa miguuni linavimba, na tundu la skrubu likishapanuka hakuna fundi atakayelishika. La mninga unalipeleka kupigwa msasa upya, linarudi kama jipya.

Jambo moja ambalo wapenda vya nyumbani huwa hatulisemi ni msitu. Mninga na mkongo ni miti ya porini, inakua polepole, na ipo mbao inayoingia mjini usiku bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Muulize fundi mbao kainunua wapi na karatasi zake zikoje. Akianza kuzungukazunguka, hamia kwenye mtiki, ambao hupandwa, kama ule wa Longuza kule Muheza. Mimi meza ya chakula niliamua iwe ya mtiki, na sioni nilichokosa.

Akikufanyia kazi nzuri, piga picha uitupe kwenye grupu la ofisini pamoja na namba yake, na bei uliyolipa uitaje bila kuipunguza, maana wateja utakaomletea watataka hiyo hiyo.