Fuata faili kwanza, sistimu mpya baadaye

Nimefanya kazi ofisi ya rejistraa kwenye chuo kimoja hapa Kampala, na kila mahafali yakikaribia ni kelele zilezile, wanafunzi wamejaa kwenye korido kila mtu na bahasha yake, wakubwa nao wanasema tununue sistimu mpya. Mi nawaambia wenzangu wa vyuo vingine, kabla hamjanunua chochote chukueni faili la mwanafunzi mmoja mlifuate kwa miguu, meza hadi meza, muone linalala wapi.

Kuna dada alikuja na basi la usiku kutoka Arua kufuata transkripti, ile karatasi yenye alama zake zote za chuo, akaambiwa hana alama za somo moja la mwaka wa pili. Akaenda idarani wakamrudisha kwetu, sisi tukamrudisha idarani, mwisho nikatoka naye mwenyewe. Kumbe karatasi ya alama ipo! Mwalimu alishasahihisha zamani, mkuu wa idara alishasaini, ila namba ya usajili iliandikwa kwa mkono na tarakimu mbili za mwisho zimepishana, sistimu ikaikataa, karani akaiweka pembeni eti mwalimu akipita atairekebisha, na mwalimu mwenyewe hakuna aliyempigia simu. Kuirekebisha haikumaliza hata kikombe cha chai, kusubiri ndo kulikula zaidi ya mwaka, na kazi aliyokuwa ameahidiwa huko kwao ilishachukuliwa na mtu mwingine. Iliniuma sana.

Alama zinatoka kwa mwalimu, zinaenda idara, bodi ya fakalti, halafu seneti, yaani kile kikao kikuu cha taaluma cha chuo. Sina shida na hizo hatua, ndo zinazolinda shahada yetu. Shida ni pale zinapotoka mkono mmoja kwenda mwingine na hamna anayeandika nani kapokea na lini. Sisi tulianza na daftari la kawaida tu, aliyeleta, aliyepokea, tarehe, kilichopungua, na kila Ijumaa mtu mmoja analisoma na kuwapigia simu waliochelewa. Halafu ile orodha ya alama tukaacha kuiandika kwa mkono, inaprintiwa kutoka kwenye usajili ikiwa na majina na namba tayari, mwalimu anajaza alama basi. Malalamiko ya alama kupotea yalipungua mpaka wanafunzi wenyewe wakaona.

Majina yakagueni wiki ya kwanza mwanafunzi anapoingia, cheti cha UNEB, lile baraza la mitihani la Uganda, kando ya kitambulisho cha taifa, herufi kwa herufi, maana mtu akigundua tofauti mwaka wa mwisho ni hati za kiapo na pesa za mwanasheria, tena kipindi ambacho hana hata nauli.

Kuhusu ada, vyuo vya serikali mwanafunzi anatoa PRN, yaani namba ya malipo ya URA, mamlaka ya mapato, halafu analipia benki au kwa simu, na kuna wakati pesa haionekani haraka kwenye akaunti yake. Tafadhali msimtume mtoto arudi benki kutafuta risiti wakati mtihani ni kesho, yule karani wa dirishani apewe ruhusa ya kuangalia malipo mwenyewe na kumruhusu kufanya mtihani hapohapo. Makarani wengi wanajua jibu, wanachokosa ni ruhusa, kwa hiyo kila kitu kinapelekwa kwa bosi na bosi yuko mkutanoni.

Wagumu zaidi ni walimu wa muda wanaofundisha vyuo viwili vitatu kwa wakati mmoja. Kuna wanaosema mwalimu asilipwe mpaka alete alama, mi sikubali, wengi wao tayari wanalipwa kwa kuchelewa na ukiwabana hivyo ndo wanapotea kabisa. Mpigie simu mapema kabla mtihani haujafanyika, mkubaliane siku, halafu hakikisheni jioni hiyo kuna mtu ofisini wa kumpokea, kwa sababu anatoka chuo kingine saa kumi na moja na nyie mnafunga saa kumi na moja hiyohiyo.