Mtoto mwenye haya na uzito wa zawadi

Mtoto mwenye haya akiahidiwa zawadi ili asome mbele ya wageni, mara nyingi hunyamaza, na mkubwa aliyeahidi huongeza dau akidhani ile ya kwanza haikumvutia. Nimelea watoto wawili, mmoja mchangamfu tangu uchanga, mwingine wa kujificha nyuma ya gauni langu. Nimeona kwamba huyu wa pili anaitamani zawadi mno, na hapo ndipo taabu yake inapoanzia.

Mwanasaikolojia Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwaonyesha watoto wa miezi 4 vitu na sauti wasizozizoea. Takriban asilimia 20 walirusharusha mikono na miguu na kulia, na walipokua hao ndio walioelekea zaidi kuogopa mageni. Mwaka 2006, Amanda Guyer na wenzake walichunguza ubongo wa vijana waliokuwa hivyo utotoni, wakiwa katika mchezo wa kupata au kupoteza fedha. Striatamu, sehemu ya ndani ya ubongo inayohusika na kutazamia malipo, ilichangamka kwao kuliko kwa wenzao, iwe wanangoja kupata au kupoteza. Utafiti mwingine wa mwaka 2009 ulionyesha hali kama hiyo pale vijana walipoamini kwamba matokeo yanategemea uamuzi wao wenyewe. (Hizi ni wastani za makundi, hazimpimi mtoto wako mmoja.)

Niliposoma hayo nilimwelewa binti yangu. Ukimwongezea zawadi, umemwongezea pia cha kupoteza, tena mbele za watu.

Kwa hiyo simwahidi kitu kabla. Akishamaliza, namwita pembeni nimtajie jambo moja mahususi: “Umemsalimia shangazi bila kusukumwa, nimefurahi.” Kaka yake anapenda kupigiwa makofi, basi napiga.

Lakini usimwondolee kila jambo gumu, nakusihi. Mtoto anayeepushwa kila mara hapati nafasi ya kugundua kwamba anaweza. Mpunguzie tu ukubwa wa jaribio: kwanza asome mbele ya mtu mmoja anayempenda, kisha wawili. Na umwombe mwalimu amwambie leo swali atakalomuuliza kesho darasani. Wa kwetu alikubali, na binti yangu akaanza kunyoosha mkono hata kwa maswali ambayo hakuambiwa.