Mume wangu alichunga bila askofu. Je, aliowabatiza wabatizwe upya?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mjane, naishi kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino. Marehemu mume wangu alikuwa mwalimu wa kanisa. Akatofautiana na viongozi wake, akatoka, akaanzisha ibada chini ya mkwaju karibu na nyumbani kwetu. Alichunga hivyo mpaka alipofariki mwaka jana, na hakuna askofu aliyemwekea mikono. Sasa amekuja mtumishi kutoka mjini, ana huduma yake mwenyewe. Anawaambia waumini kwamba mume wangu hakuwa na baba wa kiroho wa kumfunika, yaani mtumishi mkubwa wa kumsimamia, kwa hiyo ubatizo wake ni maji matupu na ndoa alizofungisha ni kuishi kinyumba tu. Anataka watu wabatizwe upya na kiwanja cha kanisa kiandikwe jina la huduma yake. Watu wameanza kugawanyika. Je, mume wangu alikuwa mtumishi wa Mungu, au tulidanganyana? Na ibada ya kuweka msalaba kaburini ataongoza nani?

JIBU: Mbukwa, mama, na pole sana kwa msiba. Maswali ya namna hii huwa nayajibu kwa zamu yake, lakini hili la kwako limeninyima raha, nikaliweka mbele ya mengine. Mjane bado hajaweka msalaba kwenye kaburi la mumewe, tayari mtu amekuja kumwambia kwamba kazi ya maisha yote ya marehemu ni bure. Nitakujibu waziwazi, na mengine hayatakufurahisha.

Hao watu wasibatizwe upya. Umenitumia picha za kurasa za kaunta buku aliyokuwa akiandikia ubatizo. Nimezikuza kwenye simu nikazisoma moja moja. Juu ya kila ukurasa ameandika kwa kalamu nyekundu, "Kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu", chini yake jina la aliyebatizwa, jina la mama yake, tarehe na shahidi. Pembeni mwa jina moja ameandika, "alikuwa mgonjwa, nimerudi Jumatano". Maji yalikuwepo, jina la Utatu lilitajwa, nia ilikuwa ileile ya Kanisa zima. Huo ni ubatizo. Ukimrudia mtu huyo kwa maji ya pili unamwambia kwamba Mungu hakuwepo siku ya kwanza.

Sasa nije kwa huyo mgeni wenu. Kama angesema mnyunyizo hautoshi, watu wazamishwe mtoni, tungekuwa na ubishi mwingine, wa zamani na wa heshima, ambao ndugu zetu wengi wanaushikilia kwa dhamiri safi. Yeye hakusema hivyo. Kasema maji hayakufaa kwa sababu aliyeyashika hakuwa na baba wa kiroho. Fundisho hili limeenea sana mjini Dodoma siku hizi, na watu wanalisema kana kwamba limeandikwa katika Matendo ya Mitume. Halikuandikwa humo. Lilizuka Afrika, kaskazini mwa bara letu hili, na miongoni mwa waliolikataa wamo Waafrika.

Mnamo mwaka 256 Kipriani, askofu wa Karthago, mji wa kale katika Tunisia ya leo, alisimama na maaskofu wenzake wakasema aliyebatizwa na mtu aliyejitenga na Kanisa abatizwe upya. Stefano, askofu wa Roma, akakataa. Kipriani alikuwa mtu mtakatifu, alikufa shahidi, lakini katika hili Kanisa halikumfuata. Mwaka 314 Mtaguso wa Arles, yaani mkutano wa maaskofu uliokaa katika Ufaransa ya leo, uliamua kwamba mtu wa namna hiyo aulizwe imani yake, na ikionekana alibatizwa katika Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, awekewe mikono tu. Wakati huohuo walikuwepo Wadonati, Wakristo wa Afrika Kaskazini waliojitenga na Kanisa. Wao walisema askofu Kaesiliani wa Karthago si askofu, kwa sababu Feliksi aliyemwekea mikono alituhumiwa kusalimisha Maandiko Matakatifu kwa watesi. Angalia hapo, mama: shitaka lao kubwa halikuwa dhambi ya Kaesiliani mwenyewe. Walimshitaki aliyemzaa kihuduma. Hilo ndilo fundisho la baba wa kiroho, limevaa suti mpya. Augustino, askofu Mwafrika wa Hipo, akawajibu kwa miaka mingi kwamba anayebatiza ni Kristo, na hata Yuda akibatiza, Kristo ndiye abatizaye. Kanisa langu la Kianglikana limeliweka hilo katika kifungu cha 26 cha Vifungu 39, tamko letu la zamani la imani: ubaya wa mhudumu hauondoi kazi ya sakramenti. Ikiwa ubaya hauiondoi, kukosa cheti cha mjini kutaiondoaje?

Paulo aliwauliza Wakorintho waliokuwa wakigombania majina ya watumishi: "Je! Kristo amegawanyika? Je! Paulo alisulibiwa kwa ajili yenu? Au je! Mlibatizwa kwa jina la Paulo?" Naye Yohana, katika Marko 9, alipomkataza mtu aliyetoa pepo kwa jina la Yesu, hakuwa na sababu nyingine ila kwamba "hafuatani nasi". Bwana akamjibu, "Msimkataze".

Watanijibu kwamba Paulo mwenyewe alijiita baba, 1 Wakorintho 4:15. Ni kweli. Alijiita baba kwa kuwa aliwazaa kwa Injili, na katika barua hiyohiyo aliwakataza kusema wao ni wa Paulo. Hakuna mahali alipowaambia kwamba bila yeye ubatizo wao umekufa. Tena nataka kumuuliza huyo mtumishi, kwa upole kadiri ninavyoweza: huyo baba yake wa kiroho, yeye alifunikwa na nani? Na aliyemfunika? Sisi wenye maaskofu tunaweza angalau kuhesabu mikono iliyotuwekea, ingawa hata hesabu hiyo haimwokoi mtu. Yeye akipanda ngazi hiyo hatua mbili tatu, nadhani atakuta mtu aliyeanza peke yake, chini ya mti, kama mumeo. Siku hizi mtu analala mwinjilisti anaamka mtume na nabii, halafu anakwenda kijijini kudai vyeti vya marehemu.

Wazee wa Ugogo wangemshangaa. Wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walifika Mpwapwa miaka ya 1870, lakini Dayosisi ya Central Tanganyika ilizaliwa mwaka 1927. Kabla ya hapo askofu wetu alikuwa wa Mombasa, na Mombasa si jirani. Vita ya 1914 ilipoanza, Wajerumani waliwafunga wamisionari wa Kiingereza, na makanisa ya Ugogo na Ukaguru yakabaki mikononi mwa walimu Waafrika. Wako waliofungwa na kuteswa nao. Walimu hao walifundisha, walizika, waliombea wagonjwa, na watu waliamka asubuhi wakiwa bado Wakristo. Mumeo alitoka katika kazi ileile ya mwalimu wa kanisa. Ni kazi ambayo sisi makasisi tunaisifia kwenye mahubiri na kuisahau kwenye bajeti.

Umeniuliza kama alikuwa mtumishi wa Mungu. Hapa sitakudanganya. Katika kanisa langu nisingemwita kasisi, wala nisingempa nafasi ya kuongoza Meza ya Bwana, kwa sababu tunaamini mtu hajipi daraja hiyo ya ukasisi mwenyewe. Hata Paulo, aliyesema hakutumwa na wanadamu, alipanda Yerusalemu akawaeleza wenzake Injili anayoihubiri, asije akawa anapiga mbio bure, na Yakobo, Kefa na Yohana wakampa mkono wa kuume wa shirika. Mumeo hakuutafuta mkono huo. Sijui nani alikosa katika ugomvi wa mwanzo, na inawezekana kabisa viongozi wake ndio waliokosa. Ila miaka yote ile hakumtafuta hata mchungaji mmoja jirani wa kumkosoa, na hakumwandaa mtu wa kumrithi. Mchungaji anayejitegemea ana uhuru mwingi akiwa hai. Akifa, gharama inamwangukia mkewe, kama inavyokuangukia wewe sasa. Wachungaji wa namna hiyo wakinisoma, na najua wapo wengi kuanzia Bahi hadi Kongwa, naomba walitafakari hili kabla hawajaugua.

Lakini kati ya daraja na utumishi kuna nafasi kubwa. Amosi alikuwa mchungaji wa mifugo na mtunza mikuyu, hakuwa mwana wa nabii, na Mungu alimtwaa hivyohivyo. Umeandika kwamba mumeo hakuwahi kupokea mshahara, alilima uwele na alizeti kama kila mtu, na mwaka wa njaa debe la mtama lililotolewa sadaka alilirudisha kwa nyumba iliyokuwa na wagonjwa. Mtu wa hivyo hakukudanganya, mama. Lieni, lakini msimlilie kwa aibu.

Kuhusu ndoa. Mbele za Mungu, mwanamume na mwanamke walioahidiana mbele ya kusanyiko wameoana. Mbele ya serikali, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mchungaji awe na leseni ya kufungisha ndoa, na tangazo la siku 21. Sheria hiyohiyo inasema ndoa haibatiliki kwa sababu tu mfungishaji hakuwa na mamlaka, isipokuwa kama wote wawili walilijua hilo siku ya kuoana. Kwa hiyo neno "kuishi kinyumba" lisirudiwe tena mbele ya watoto wa watu. Wenye vyeti wavitunze. Wasio navyo waende ofisi ya Mkuu wa Wilaya, waliko watu wa RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), waulize hatua za kufuata. Wasimlipe mtu yeyote wa kanisani kwa ajili hiyo.

Na sasa kiwanja, ambacho nadhani ndicho kiini cha mambo yote haya. Tangu serikali ihamie Dodoma na Mji wa Serikali ujengwe Mtumba, ardhi ya kandokando ya barabara ya Morogoro imepanda bei mno, na roho za watu zimepanda nayo. Unasema karatasi zina jina la marehemu. Basi usisaini chochote, hata kama umeletewa katikati ya maombi, hata kama watu wananena kwa lugha. Kilichoandikwa jina la marehemu kinaingia kwenye mirathi. Ukoo ukae, achaguliwe msimamizi, mahakama imthibitishe. Lakini usiwaachie watoto waseme kiwanja chote ni cha baba yao, kwani mabati ya kanisa yalinunuliwa kwa kuku na mtama wa waumini. Andikeni mapema, wazee wa kanisa wakiwepo na mwenyekiti wa kitongoji akishuhudia, nani alitoa nini. Kama kusanyiko litataka kuendelea, lisajiliwe kwa Msajili wa Jumuiya, na ardhi ishikwe na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, isiwe mali ya mtu mmoja tena. Wakichoka na hayo yote, waombe kupokelewa na kanisa lililo karibu nao, kwa ubatizo waliokwisha kuupata. Mchungaji yeyote akitaka kuwabatiza upya ndipo awapokee, waondoke.

Kaunta buku nayo usimpe mtu. Mwenye kuihitaji apige picha.

Ibada ya msalaba, anza kwa kumwomba mchungaji wa kanisa lile alilotoka mumeo. Nenda wewe mwenyewe na mzee mmoja, msitume ujumbe kwa simu. Mara nyingi mlango tunaodhani umefungwa hatujaugonga. Akikataa, wazee wenu wanaweza kuongoza: wimbo, Zaburi ya 90, maombi, msalaba usimikwe. Hakuna sheria ya Mungu inayodai joho kaburini. Na kama ungependa nije mimi, nitakuja. Nipe taarifa wiki mbili kabla, maana mimi nina askofu, na lazima nimwombe ruhusa.