Salfa inasingiziwa, ila kichupa cha dukani je?

SWALI: Shikamoo dokta. Mi ni msomaji wenu wa Newala, naulizia macho ya baba. Ana miaka 63, mkulima wa korosho, kila msimu anabeba mashine mwenyewe anapuliza salfa, ile dawa ya mikorosho, sasa mwaka huu ameanza kugonga milango kwa bega, anajikwaa kwenye ndoo na vigoda vilivyo pembeni, juzi nusura agongwe na bodaboda anasema hakuiona kabisa na mi nilikuwa naiona toka mbali. Ila ukimpa gazeti na miwani yake ya mnadani anasoma vizuri tu. Macho hayamuumi. Babu mzaa baba nae alikufa haoni, watu wakasema uzee. Baba anasema ni salfa, akiwashwa anadondoshea dawa ya dukani ambayo anaisifia mana wekundu unaisha siku hiyohiyo. Ni salfa kweli au ni mtoto wa jicho?

JIBU: Marahaba binti. Kilichonishtua ni huko kugonga vitu vya pembeni na huku gazeti anasoma. Mtoto wa jicho hauji hivyo, wenyewe unaleta ukungu, na kusoma kungeshakuwa shida. Mtu anayeona katikati afu pembeni kunapotea, na baba yake nae aliishia upofu, mi nawaza glakoma, hii mnayoiita presha ya macho, mpaka vipimo vikatae. Inatembea kwenye ukoo, na sisi watu weusi inatupata zaidi na mapema zaidi.

Salfa inachoma mbele ya jicho, inaleta wekundu, machozi na kuwashwa, na baba avae miwani ya kujikinga akipuliza, hilo halina mjadala. Ila glakoma inaua mshipa wa fahamu ulioko nyuma kabisa, ule unaopeleka picha kwenye ubongo, tena unakufa taratibu bila maumivu ndo mana watu wanachelewa. Hapo salfa inasingiziwa.

Ugomvi wangu ni na hicho kichupa. Dawa inayofuta wekundu haraka hivyo inaweza ikawa na steroidi ndani, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe na wekundu, na steroidi ukiidondoshea wiki kwa wiki inapandisha presha ya jicho kwa baadhi ya watu, hasa wenye glakoma kwenye ukoo. Soma maandishi yake, ukikuta deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, hata kama imechanganywa na antibiotiki, asinunue tena na aende nacho hospitali akamuonyeshe daktari. Kwa hiyo salfa inawezekana imemuumiza baba kwa kupitia mlango wa nyuma, sio yenyewe, ila tiba aliyojitafutia kwa ajili yake.

Mpeleke hospitali ya Ligula Mtwara, au hospitali ya kanda pale Mitengo, au hospitali ya Ndanda kama ndo njia rahisi kwenu, uliza kwanza siku za kliniki ya macho usije ukapoteza nauli. Msiishie duka la miwani. Lile bango la herufi linapima katikati tu, anaweza akasoma mpaka mstari wa mwisho akaambiwa yuko fiti. Anatakiwa apimwe presha ya jicho (kwa watu wengi inakuwa kati ya 10 na 21), aangaliwe kichwa cha mshipa kule nyuma, na apimwe upana wa kuona. Presha peke yake haitoshi, wapo wenye 16 na mshipa unakufa.

Ikithibitika, nisikufiche, kilichopotea hakirudi, tunalinda kilichobaki. Dawa ya matone kila siku, maisha yake yote, hata kama haoni tofauti, na hapo ndo wengi wanapoacha. Wengine wanapigwa leza au wanafanyiwa upasuaji. Akipewa timololi, moja ya hayo matone, na ana pumu aseme kabla, kwa sababu tone linapita puani linaingia kwenye damu na linaweza kumbana kifua. Akishadondoshea afumbe jicho abonyeze kona ya upande wa pua kama dakika 2. Na nyie watoto wake mkapimwe, msisubiri kugonga milango.

SWALI: Dokta nina sukari kwa miaka kadhaa, nipo Lindi mjini. Toka juzi jicho la kulia naona kama masizi yanaelea, haliumi. Niongeze dawa ya sukari?

JIBU: Usiongeze kitu kaka, nenda hospitali ya Sokoine leo, usingoje tarehe yako ya kliniki. Sukari inaharibu vishipa vidogo vya damu vya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, jicho linaotesha vipya ambavyo ni dhaifu, vikipasuka damu inamwagika ndani na wewe unaona masizi. Inaweza pia kuwa retina imechanika, na ukiona vimulimuli au kivuli kinashuka kama pazia hiyo ni dharura kabisa. Tiba zipo: leza, sindano ya ndani ya jicho (jicho linatiwa ganzi kwanza, usikimbie), au upasuaji, na huo unaweza ukapewa rufaa ya Muhimbili au CCBRT Dar. Ulitakiwa uangaliwe retina toka ulipogundulika na sukari, afu kila mwaka, hata kama unaona vizuri. Utadondoshewa dawa ya kupanua mboni, kwa masaa kadhaa utaona ukungu na jua litakuchoma, kwa hiyo pikipiki iache nyumbani, tafuta mtu akupeleke.