Ami yako na mechi ya Madagaska

Mdogo wangu, nimekuelewa. Mlikuwa barazani hapo Langoni, ami akasema Harambee Stars, timu yetu ya taifa ya Kenya, wangemchezesha mshambuliaji Olunga wasingetolewa CHAN na Madagaska, nawe ukamwambia mbele ya watu kwamba hajui mpira. Sasa salamu zako haitikii vizuri, nawe wauliza kama ufute kauli.

Kwenye mpira wewe ndiye mwenye haki. CHAN ni michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani tu, na Olunga alikuwa akicheza nje ya nchi. Kocha McCarthy hakuwa na njia ya kumwita. Na Harambee Stars ile si ya kubezwa hata kidogo! Iliongoza kundi lake, ikaifunga Moroko 1-0, Moroko hiyo hiyo iliyokuja kuchukua kombe. Tarehe 22 Agosti 2025 ilitoka sare 1-1 hadi dakika 120, ikatolewa kwa penalti 4-3. Mimi naona ni uonevu kumlaumu kocha kwa hilo.

Lakini kumwambia ami "hujui" huku wazee wenzake wameshika vikombe vya kahawa, hapo ulimvunjia heshima. Nenda nyumbani kwake baada ya Alasiri. Mwamkie, muombe radhi kwa ulivyosema, na mpira usiutaje. Akiuuliza mwenyewe, mueleze sheria ya CHAN taratibu. AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2027 inakuja huku kwetu, Kenya, Uganda na Tanzania, na kule wanaocheza nje wanaruhusiwa. Muulize yeye angempanga nani mbele.