Impreza inanguruma ukikimbia: usinunue beringi nne bado

Mkuu, umesema gari lako, Subaru Impreza WRX ya 2004, linanguruma kuanzia spidi 80 na fundi anataka mbadilishe beringi zote nne za magurudumu (vyuma vinavyofanya gurudumu lizunguke laini). Usikubali haraka. Barabara ikiwa wazi, yumbisha usukani taratibu kushoto na kulia. Ukikata kushoto, uzito unahamia kulia. Mlio ukizidi hapo, mtuhumiwa ni beringi ya kulia. Usipobadilika kabisa, shuku tairi zilizolika vibaya: hamisha za nyuma mbele, kisha sikiliza tena. Mimi niliwahi kununua beringi bure, kumbe ni tairi.

Piga jeki, weka stendi, zungusha gurudumu huku umeshika springi. Beringi mbovu utaihisi mkononi ikikwaruza. Gurudumu likicheza ukilitikisa juu na chini, gari lisitembee tena, livutwe.

Kwa toleo lako beringi imeshindiliwa ndani ya chuma kinachobeba habu (kitovu cha gurudumu), kwa hiyo inataka presi, mashine ya kushindilia. Fundi akitoa nyundo, ondoka na gari lako. Beringi mpya ikigongwa huanza kunguruma mapema mno. Nati ya ekseli ikazwe kwa spana yenye kipimo, kabla gari halijashushwa chini.